Nyenzo za kujifunza kwa meneja asiye na muda: zilizonifaa na zisizonifaa

Mwaka 1973 mtafiti Henry Mintzberg alichapisha matokeo ya kazi moja ya subira: aliwafuata wakurugenzi wakuu watano na kuandika kila walichokifanya tangu asubuhi hadi jioni. Nusu ya shughuli zao zilidumu chini ya dakika tisa, na ni moja tu kati ya kumi iliyozidi saa nzima. Yeyote aliyewahi kuongoza idara anaijua hali hiyo bila kuonyeshwa takwimu. Simu inaita, mtu amesimama mlangoni, barua pepe tatu zimeandikwa "haraka", na ripoti iliyoanzwa asubuhi bado iko kwenye aya ya pili. Hata hivyo, sehemu kubwa ya nyenzo za kujifunza tunazouziwa sisi mameneja imetengenezwa kana kwamba kila mmoja wetu ana jioni tulivu na akili isiyochoka.

Ninaongoza idara ya watu kumi na wanne. Kwa miaka minne iliyopita nimejaribu vitabu, makala, podikasti, kozi za mtandaoni, programu za muhtasari, semina, na kikundi cha mameneja wenzangu. Katika tathmini hii napima kila kimoja kwa swali moja: je, kilibadilisha jambo lolote ninalolitenda kazini ndani ya wiki ile ile niliyokitumia? Kipimo hiki ni kikali, na kinaziacha nje nyenzo kadhaa zenye sifa kubwa, lakini kwa mtu ambaye muda wake unakatwakatwa siku nzima sioni kingine kilicho cha haki zaidi.

Naanza na nyenzo iliyo fupi kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyonifaa mapema kuliko zote. Ni makala ya William Oncken na Donald Wass iliyotoka katika jarida la Harvard Business Review mwaka 1974, ambayo kichwa chake kinauliza nyani yuko kwa nani. Inasomeka katika kikao kimoja. Hoja yake ni kwamba kila kazi ina hatua inayofuata, na hatua hiyo ni kama nyani aliyepanda mgongoni mwa mtu. Mfanyakazi anakutana na meneja wake ukumbini, anamweleza tatizo, na meneja anajibu kwamba atalitafakari kisha atamjulisha. Papo hapo nyani ameruka kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, na hakuna aliyemwona akiruka. Siku chache baadaye mfanyakazi ndiye anayepita ofisini kuuliza jambo limefikia wapi, na mkubwa amegeuka kuwa msaidizi wa msaidizi wake.

Niliisoma Jumanne jioni. Asubuhi yake nilifungua daftari langu la kazi na kuweka alama pembeni ya kila jambo lililokuwa likinisubiri. Yalikuwa kumi na moja, na saba kati yake zilikuwa hatua za watu wengine. Mojawapo ilikuwa rasimu ya barua kwa msambazaji, ambayo afisa wangu wa ununuzi alikuwa ameniletea siku tisa kabla. Nilikuwa nimemwambia, tena kwa upole, "Niachie, nitaiangalia." Tangu siku hiyo suala zima lilikuwa limesimama, na yeye hakuwa na kosa lolote, kwa sababu alikuwa akimngoja bosi wake. Nilimwita, nikamrudishia ile rasimu, nikamwomba aniletee kabla ya saa nane mchana ile ambayo yeye mwenyewe anaona inafaa kutumwa. Aliileta saa sita. Nilibadilisha neno moja, ikaondoka.

Makala hiyo ina upungufu mmoja ambao msomaji anapaswa kuujua. Iliandikwa katika enzi ambayo mkubwa alitoa amri na wadogo wakatekeleza, na inaweza kumfanya meneja mvivu ajione ana haki ya kuwarudishia watu kazi wasizoziweza. Ilipochapishwa upya mwaka 1999, Stephen Covey, mwandishi wa vitabu vya uongozi, aliiongezea maoni yanayoligusa jambo hilo hasa: kumkabidhi mtu kazi kunadai kwanza umjengee uwezo na muaminiane, na hilo ni gumu kuliko kumrudishia karatasi. Tafuta toleo lenye maoni hayo. Bila ya hayo ni nusu ya somo.

Kwa upande wa vitabu, nimebaki na viwili tu ninavyoweza kumpendekezea mtu bila kusita. Cha kwanza ni The Effective Executive cha Peter Drucker, cha mwaka 1967. Anayetaka kukisoma kwa muda mfupi aanze na sura ya pili, inayohusu muda, kisha aamue kama ataendelea. Drucker anashikilia kwamba meneja asianze na mpango wa kazi, bali aanze kwa kujua muda wake unakwenda wapi, na aandike mambo yanapotokea badala ya kutegemea kumbukumbu. Anasimulia habari za mwenyekiti wa kampuni aliyekuwa na hakika kwamba anaugawa muda wake kwa viongozi wenzake, wateja wakubwa na shughuli za jamii. Rekodi ya wiki sita ilionyesha kwamba hayo matatu hayakupata karibu chochote, na kwamba saa zake nyingi ziliishia katika kufuatilia oda za wateja aliofahamiana nao.

Nililifanya zoezi hilo kwa wiki mbili, nikiandika kwa penseli kila baada ya nusu saa kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni. Nilikuwa nikijiona mtu wa kupanga na kuelekeza. Karatasi ilisema kwamba jambo lililokula muda wangu mwingi kuliko yote ni kusahihisha lugha ya ripoti za watu wengine, kazi niliyoipenda na ambayo hakuna aliyeniomba niifanye. Sikuhitaji kumaliza kitabu ili nijue la kufanya wiki iliyofuata. Sura zinazohusu maamuzi ni nzuri lakini zinadai msomaji aliyetulia, na mifano yake mingi ni ya mashirika makubwa ya zama zilizopita, kwa hiyo zisomwe likizoni.

Kitabu cha pili ni High Output Management cha Andrew Grove, kilichotoka mwaka 1983 wakati mwandishi akiwa rais wa kampuni ya Intel. Kinaanza na kazi ya mhudumu anayetakiwa kuandaa yai la kuchemsha, mkate wa kubanika na kahawa, vyote vifike mezani kwa wakati mmoja vikiwa vya moto, na kutokana na sinia hilo moja Grove anafundisha habari ya vikwazo vya uzalishaji, ukaguzi na vipimo. Mhandisi atafurahia kurasa hizo. Mimi nilizipita upesi, nikaelekea kwenye fasili ambayo ndiyo moyo wa kitabu: zao la kazi ya meneja ni zao la kitengo chake pamoja na la vitengo jirani anavyoviathiri. Ukiikubali fasili hiyo, unalazimika kuuliza kila saa yako inaongeza nini katika kazi ya watu wengine, na shughuli nyingi zinazoonekana za maana zinapoteza uzito.

Hapo ndipo Grove anapoleta hoja ya kikao cha ana kwa ana kati ya meneja na kila mtu aliye chini yake. Kwake, kikao hicho ni mali ya mfanyakazi: yeye ndiye anayeandaa ajenda, na meneja kazi yake ni kusikiliza na kuuliza swali moja zaidi pale mazungumzo yanapoelekea kuisha. Hesabu yake ni rahisi kuishika. Dakika tisini zako zinaweza kuboresha kazi ya mtu kwa wiki mbili, yaani saa themanini na zaidi. Anasisitiza pia kwamba kikao kisipungue saa moja, kwa kuwa mambo mazito hayatolewi na mtu anayejua atafukuzwa baada ya robo saa. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mhasibu wangu alitumia dakika arobaini kunieleza habari za mfumo mpya wa malipo, akanyamaza, akachezea kalamu, kisha akasema kwamba anafikiria kuacha kazi. Kikao cha nusu saa kisingefika hapo.

Nasema hivyo nikijua kwamba nyenzo ninayoitaja sasa inafundisha kinyume chake. Manager Tools ni podikasti iliyoanza mwaka 2005, yenye mamia ya vipindi, na inashikilia kwamba kikao cha ana kwa ana kiwe cha nusu saa, kila wiki, bila kukosa, na mfanyakazi aanze kuzungumza kabla ya meneja. Grove anapima idadi ya vikao kwa uzoefu wa mtu katika kazi aliyonayo: mgeni wa kazi kila wiki, mzoefu kila baada ya wiki kadhaa. Nimejaribu njia zote mbili. Kwa watu wapya nimefuata podikasti, kwa sababu kwao muhimu ni kutokatika. Kwa wazoefu nimefuata Grove. Meneja mwenye watu wengi chini yake hatamudu saa moja kwa kila mtu, na kwake ile nusu saa ni bora kuliko nia njema isiyotimia.

Ubora mkubwa wa podikasti hiyo ni kwamba inashuka hadi kwenye maneno yenyewe. Kuhusu kumpa mtu mrejesho, kwa mfano, inatoa hatua nne: muulize kama yuko tayari kuupokea, taja alichokifanya, taja matokeo yake, kisha mhimize kuhusu wakati ujao. Haikwambii uwe mkweli au uwe na huruma. Inakuonyesha sentensi ya kwanza itakavyokuwa. Nilimwambia kijana mmoja wa mapokezi, "Naomba nikuambie jambo. Unapomjibu mteja huku ukiangalia simu yako, anaona amekusumbua. Unaweza kulibadilisha hilo?" Akasema ndiyo, na yakaisha hapo, wakati hapo awali ningelilimbikiza hadi tathmini ya mwisho wa mwaka. Udhaifu wake ni maneno mengi. Watangazaji wanazunguka kabla ya kufika kwenye jambo, na wana uhakika na kila wanalosema kwa kiwango kinachochosha. Chagua vipindi vya msingi, vya vikao vya ana kwa ana, mrejesho na kukasimu majukumu, uvisikilize ukiwa unatembea au unaosha vyombo, na vingine uviache.

Kozi za mtandaoni nimezifuata kwa bidii kuliko zilivyostahili. Coursera na edX zote mbili zilianza mwaka 2012, na zimefungua milango ya vyuo ambavyo wengi wetu tusingekanyaga. Tatizo lake ni mwendo. Kozi ya wiki sita inadhani wiki ya nne itafanana na ya kwanza, lakini wiki ya nne ya meneja ndiyo wiki ya bajeti. Inajulikana sana kwamba wanaomaliza kozi za aina hii ni wachache mno ukilinganisha na wanaojiandikisha, na mimi nimezikatisha tatu. Iliyonifaa ilikuwa ya uhasibu kwa wasio wahasibu: nilijifunza kusoma mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni, kutofautisha faida na fedha taslimu, na kuuliza kwa nini kampuni yenye faida inaweza kushindwa kulipa mishahara. Maarifa ya namna hiyo yana mwanzo na mwisho, yana zoezi lenye jibu sahihi, na yanafundishika kupitia kioo. Kozi za "uongozi" na "mawasiliano" zilizobaki ziliniachia vyeti na maneno mazuri. Kwa anayetaka kujaribu bila gharama, OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza imekuwa ikitoa kozi za bure tangu 2006. Baadhi ni za saa chache tu, na urefu huo unamfaa mtu aliyebanwa.

Programu za muhtasari wa vitabu, kama Blinkist na getAbstract, nitazipita haraka. Zinafaa kwa kuchagua kitabu, hazifai kwa kujifunza. Unasoma kurasa chache, unatikisa kichwa kwa kukubali, na unajisikia umejua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha jinsi hisia hiyo inavyodanganya: wanafunzi waliosoma matini mara kwa mara waliikumbuka vizuri zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walioshinda ni wale waliosoma mara chache kisha wakajipima kwa kuandika walichokikumbuka. Tangu nilipoujua utafiti huo nimekuwa nikifunga makala nikiimaliza na kuandika mistari mitatu bila kuchungulia, na wiki inayofuata nairudia. Kazi hiyo haifiki dakika tano. Muhtasari wa mtu mwingine unakunyima zoezi hilo hasa, kwa kuwa yeye ndiye aliyehangaika kuamua lipi la kubaki na lipi la kuachwa.

Semina nilihudhuria moja ya siku mbili, iliyolipiwa na mwajiri wangu na kuendeshwa na kampuni ambayo sitaitaja. Mkufunzi alikuwa hodari wa kuzungumza, na slaidi zake zilizidi mia. Hakuna mshiriki aliyeulizwa tatizo lake ni lipi. Siku ya pili mchana mama mmoja aliyekuwa meza moja nami, msimamizi wa wauguzi, alininong'oneza kwamba amekuja kwa sababu wauguzi wake wawili hawasemezani na zamu zinaharibika, na kwamba bado anasubiri mahali pa kuliweka hilo. Hakupapata hadi tulipopewa vyeti. Nimemkumbuka mara nyingi, kwa sababu jambo lake lilikuwa somo tosha kwa siku zote mbili.

Mahali alipopahitaji mama yule pana jina na historia. Katika miaka ya 1940 Mwingereza Reg Revans, aliyekuwa mwanafizikia kabla ya hapo, alikuwa akishughulikia elimu ya mameneja wa migodi ya makaa ya mawe. Badala ya kuwaletea wahadhiri, aliwahimiza wakutane katika vikundi vidogo, kila mmoja alete tatizo halisi la mgodi wake, na wenzake wamuulize maswali. Njia hiyo, inayoitwa kujifunza kwa kutenda, aliifupisha katika fomula: kujifunza ni jumla ya maarifa yaliyokwisha kuandikwa na maswali yenye kuchimba. Vitabu na kozi vinatoa la kwanza kwa wingi, na la pili mtu hulipata kwa mwenzake.

Kikundi chetu kina watu sita kutoka taasisi tofauti, na hakuna aliye mkubwa wa mwingine. Tunakutana mara moja kila mwezi kwa saa mbili. Kila kikao kinachukua matatizo mawili. Mwenye tatizo anazungumza kwa dakika kumi bila kukatizwa, kisha kwa nusu saa wengine wanaruhusiwa kuuliza tu. Ushauri umekatazwa, na katazo hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kila mtu anaona haraka jinsi ungeweza kubebwa. Mwishoni mwenye tatizo anataja hatua moja atakayoichukua na tarehe yake, na kikao kinachofuata kinaanzia hapo. Haina gharama zaidi ya saa mbili na chumba chenye mlango unaofungika.

Mwezi wa tatu nilileta suala la naibu wangu, mtu mwenye uwezo mkubwa ambaye kwa miezi mitano alikuwa akichelewesha kila nilichomkabidhi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilieleza nilivyompangia upya majukumu, nilivyosoma kuhusu motisha, na nilivyofikiria kumhamisha. Maswali yakaanza. Mmoja akauliza alianza lini kuchelewa. Nikasema baada ya mwaka mpya. Mwingine akauliza nini kilitokea mwaka mpya. Nikakumbuka kwamba nilimpa mtu mwingine mradi ambao yeye ndiye aliyeubuni. Kisha mwanamke mmoja anayesimamia maktaba, ambaye kwa kawaida haongei sana, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umeshamuuliza yeye mwenyewe?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa na vitabu viwili, makala ya nyani, vipindi vya podikasti na vyeti vitatu, na sikuwa nimemuuliza. Nilitaja hatua yangu na tarehe: Alhamisi, saa tatu asubuhi, kikao cha ana kwa ana kisichopungua saa moja, ajenda aiandae yeye. Alikuja na karatasi yenye mstari mmoja, ukitaja jina la ule mradi.